Mahindi Mema Hujulikanaje? Jinsi ya Kupima Punje na Chakula Kilichomo

Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii yafaa sana kukumbukwa na kila mtu alimaye, anunuaye au apikaye mahindi. Punje yaweza kuwa kubwa, nyeupe na yenye kung'aa, na huku ndani yake mna sumu. Tena yaweza kuwa safi kabisa, isiyo na sumu wala wadudu, na bado isitoshe kumkuza mtoto anayelishwa hiyo peke yake. Kwa sababu hiyo, jicho peke yake si mzani wa kutosha.

Mahindi hayakuwa chakula cha asili cha Afrika. Yalitoka Amerika, yakafika pwani ya Afrika ya Mashariki baada ya Wareno kuanza kuja katika karne ya 16. Mashamba mengi ya bara ya Kenya yalikuwa ya mtama, wimbi na mawele mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, ndipo mahindi meupe yalipoenea. Leo mahindi ndiyo chakula kikuu cha nchi, na kwa watu wengi kusema chakula ni kusema ugali. Basi ubaya au wema wa punje hii moja unagusa karibu kila nyumba.

Ubora wa namna mbili

Neno ubora lina maana mbili, na watu huzichanganya mara nyingi. Kuna ubora wa sokoni, yaani ukavu wa punje, uzito wake, usafi wake, na kwamba haikuoza wala kutobolewa. Tena kuna ubora wa mwilini, yaani chakula cha nguvu, chakula cha kujenga mwili, mafuta, madini na vitamini anavyopata mlaji. Mnunuzi wa ghala hutazama zaidi ubora wa kwanza, kwa kuwa ndio unaomletea faida au hasara. Mama anayemnywesha mtoto uji hana budi kuzitazama namna zote mbili.

Ukomavu na uzito

Upimaji huanza shambani. Punje iliyokomaa huonyesha alama nyeusi pale inaposhikana na gunzi. Mkulima akipukuchua punje kutoka katikati ya gunzi na kuikwaruza kwenye ncha yake, akaona utando mweusi, basi ajue kwamba mmea umemaliza kuijaza punje hiyo. Kama utando huo haujaonekana, punje bado yajazwa. Ikivunwa wakati huo hunyauka ikikauka, na uzito wake huwa mdogo.

Baada ya kupukuchua, uzito husema mengi. Debe moja la mahindi yaliyojaa vizuri huwa zito kuliko debe lile lile la punje zilizosinyaa au zilizoliwa na fukusi. Punje zilizotobolewa hujulikana pia kwa maji. Mtu akitia konzi chache katika sufuria ya maji na kukoroga, nyingi zilizo tupu ndani huelea. Si unga tu uliopotea katika punje hizo, kwa kuwa wadudu wengine hupenda zaidi kula kiini, na kiini ndicho sehemu iliyo bora kuliko zote.

Ukavu, na jaribio la chumvi

Adui mkubwa wa mahindi ni maji yaliyobaki ndani yake. Kipimo kinachofuatwa katika nchi za Afrika ya Mashariki ni kwamba mahindi ya kuuzwa yasiwe na maji zaidi ya asilimia 13.5. Wakulima wengine hudhani kwamba sheria hii imewekwa ili wanyimwe bei nzuri. Lakini hesabu yaonyesha sababu yake. Kilo 100 za mahindi yenye maji asilimia 20 zikikaushwa hadi asilimia 13.5 hubaki kilo 92 na nusu tu. Kilo saba na nusu zilizopungua ni maji matupu, na hakuna mnunuzi apendaye kulipia maji kwa bei ya chakula. Hata hivyo hasara hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ile ya ukungu, ambao huota mahali palipo na unyevu na joto.

Maghala makubwa yana mashine ya kupima unyevu. Mkulima asiye nayo aweza kutumia chupa ya kioo yenye kifuniko, na chumvi. Kwanza chumvi na chupa vikaushwe kabisa. Kisha chupa ijazwe mahindi kiasi cha robo, vitiwe vijiko vichache vya chumvi, ifunikwe, itikiswe kwa muda wa dakika moja au mbili, iachwe itulie robo saa. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15, nayo hayafai kuwekwa ghalani. Chumvi ikikaa chini bila kushikamana, maji yamepungua chini ya asilimia 15. Lakini inafaa ikumbukwe kwamba 15 si 13.5. Kwa hiyo baada ya chumvi kukataa kushikamana, mahindi yaanikwe tena siku moja au mbili za jua kali, juu ya turubai wala si juu ya udongo mtupu.

Sumu isiyoonekana

Katika mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Wataalamu walipochunguza chakula chao, waligundua kwamba karanga zilizosagwa na kutiwa ndani yake zilikuwa na ukungu, na kwamba ukungu huo ulitoa sumu kali inayoharibu ini. Sumu hiyo ikaitwa aflatoksini, na watu wengine huiita sumukuvu.

Kenya iliijua sumu hii kwa uchungu. Mwaka 1981 watu walikufa katika sehemu za Machakos baada ya kula mahindi yenye ukungu. Mwaka 2004 msiba ulikuwa mkubwa zaidi. Katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake wagonjwa 317 walihesabiwa, nao 125 miongoni mwao walikufa. Mengi ya mahindi yale yalilimwa huko huko na kuwekwa na wenyewe majumbani, yakiwa hayajakauka vizuri. Watu walifanya walivyoweza ili wasikose chakula wakati wa shida, na chakula chenyewe kikawaua. Tena mwezi wa Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi uliokuwa ukiuzwa madukani kwa sababu ya sumu hii. Basi jambo hili si la watu wa mashamba peke yao, bali lawahusu pia watu wa mijini.

Kiasi kinachoruhusiwa ni kidogo mno, yaani sehemu 10 za aflatoksini katika sehemu bilioni moja za chakula. Hakuna jicho, pua wala ulimi uwezao kupima kiasi hicho. Punje yenye ukungu wa kijani au wa manjano ni ya kuogopwa, lakini punje isiyo na ukungu unaoonekana si lazima iwe salama. Kupika hakuondoi sumu hiyo, maana moto wa jikoni hauivunji vya kutosha. Kulisha ng'ombe wa maziwa mahindi yaliyoharibika si dawa pia, kwa kuwa sehemu ya sumu hupita katika maziwa na kumrudia mtoto. Kinga iliyo karibu na mkulima ni kuvuna kwa wakati, kukausha upesi, kuchagua na kutupa magunzi mabovu kabla ya kupukuchua, na kuweka magunia juu ya mbao mbali na ukuta na sakafu.

Ndani ya punje

Punje ya mahindi ina sehemu tatu kuu. Ya kwanza ni ganda la nje. Ya pili ni sehemu kubwa ya katikati, iliyojaa wanga, ambao ni chakula cha nguvu. Ya tatu ni kiini, ndicho kinachoota punje ikipandwa. Kiini ni kama sehemu moja tu ya kumi ya uzito wa punje, lakini ndani yake mna mafuta karibu yote na madini mengi kuliko sehemu nyingine.

Wataalamu hupima vitu hivi katika maabara. Ili kujua maji, hupima uzito wa unga, huukausha katika tanuri, na kuupima tena. Ili kujua madini, huuchoma mpaka libaki jivu, kisha hupima jivu. Chakula cha kujenga mwili, kiitwacho protini, hupimwa kwa njia iliyobuniwa mwaka 1883 na mtaalamu wa Denmark aliyeitwa Johan Kjeldahl, aliyefanya kazi katika maabara ya kiwanda cha pombe cha Carlsberg mjini Copenhagen. Njia yake ni kupima naitrojeni iliyomo katika chakula na kuizidisha kwa 6.25. Kwa vipimo hivyo imejulikana kwamba gramu 100 za mahindi zina gramu 9 hivi za protini, hali maharagwe yana gramu zaidi ya 20, na unga wa muhogo una gramu mbili hivi au pungufu yake.

Si wingi tu

Hata hivyo kipimo cha Kjeldahl hueleza wingi wa protini, wala hakielezi wema wake. Protini ni kama ukuta uliojengwa kwa mawe ya namna nyingi. Fundi akiwa na mawe mengi ya namna moja na kukosa ya pembeni, ukuta hausimami, hata kama rundo la mawe limebaki pale pale. Mahindi yamepungukiwa na mawe mawili ya lazima, nayo huitwa laisini na triptofani.

Jambo hili lilionyeshwa wazi mwaka 1914 huko Marekani na wataalamu wawili, Thomas Osborne na Lafayette Mendel. Waliwalisha panya chakula ambacho protini yake ilikuwa zeini tu, ambayo ndiyo protini iliyo nyingi katika mahindi. Panya wale wakakonda. Walipoongezewa triptofani waliacha kukonda, lakini hawakukua. Walipoongezewa na laisini pia, wakakua. Wingi wa chakula haukuwa sababu ya tofauti ile. Sababu ilikuwa ukamilifu wake.

Ambalo limewapata panya limewapata na watu. Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto waliolishwa zaidi uji wa mahindi baada ya kuachishwa maziwa. Miguu yao ilivimba, nywele zao zikageuka rangi, nao wakawa wanyonge. Wenyeji wa huko waliuita kwashakoo, kwa maana ya ugonjwa unaompata mtoto akishazaliwa mdogo wake. Uvimbe ule huwadanganya wazazi, maana mtoto huonekana kana kwamba amenenepa. Wataalamu wameona baadaye kwamba ugonjwa huu una sababu zaidi ya moja, lakini ni wazi kwamba uji mtupu haumtoshi mtoto.

Watu wazima nao huweza kupatwa na ugonjwa uitwao pelagra, unaounguza ngozi mahali palipo juani, unaoharisha na kuchafua akili. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliwaua watu wengi wa kusini mwa Marekani waliotegemea mahindi. Daktari Joseph Goldberger, aliyeanza kuuchunguza mwaka 1914, alionyesha kwamba hauambukizwi, bali huletwa na upungufu wa chakula. Vitamini inayouzuia, yaani niasini, imo katika mahindi, lakini imefungwa kiasi kwamba mwili hauwezi kuitwaa kwa urahisi. Watu wa Meksiko tangu kale huchemsha mahindi yao pamoja na chokaa kabla ya kusaga, na chokaa hiyo huifungua.

Rafiki wa mahindi

Afrika ya Mashariki ina njia yake ya kuponya upungufu huu, nayo ni kuchanganya. Maharagwe, kunde na mbaazi zina laisini nyingi ambayo mahindi yameikosa. Mahindi nayo yana kitu kingine ambacho jamii ya maharagwe imepungukiwa. Vikiliwa pamoja, kimoja hujaza pengo la mwenziwe. Hiyo ndiyo sababu chakula kiitwacho githeri kwa Wakikuyu, isyo kwa Wakamba, nyoyo kwa Wajaluo, na pure kwa watu wa pwani, ni bora kuliko mahindi peke yake na ni bora kuliko maharagwe peke yake. Vikombe viwili vya mahindi kwa kikombe kimoja cha maharagwe ni mchanganyiko mwema.

Kwa hiyo nyumba inayouza maharagwe na maziwa yote ili ipate fedha, kisha ikala ugali na chumvi, imeuza chakula cha kumkuza mtoto na kubakiza chakula cha kumshibisha tu.

Unga mweupe na unga wa jumla

Watu wengi huona fahari kula unga mweupe uliochekechwa, na kudharau unga unaosagwa punje nzima. Lakini mashine inayoufanya unga uwe mweupe na laini huondoa ganda na kiini, na pamoja navyo huondoka mafuta, madini na vitamini nyingi. Mara nyingi pumba hizo huuzwa kuwa chakula cha mifugo, hata ng'ombe akapata sehemu iliyo bora.

Unga mweupe una sifa yake pia, maana hukaa muda mrefu. Unga wenye kiini huchacha upesi kwa sababu ya mafuta yake, kwa hiyo wafaa kusagwa kidogo kidogo. Tena kukoboa hupunguza ukungu ulioshika ganda, ingawa hakufanyi mahindi mabovu yawe mema. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imewataka wenye viwanda watie vitamini na madini katika unga wa mahindi unaouzwa katika pakiti. Anayenunua na atazame maandishi ya pakiti aone kama jambo hilo limetimizwa.

Rangi na mbegu

Mahindi ya manjano yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, yenye kulinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa. Mahindi meupe hayana. Hata hivyo wengi nchini Kenya huyachukia ya manjano, kwa kuwa yanawakumbusha mahindi ya msaada yaliyoletwa wakati wa njaa ya mwaka 1984. Asiyeyataka aweza kupata vitamini hiyo katika mboga za kijani, maembe, mapapai, na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa.

Mbegu nazo zatofautiana. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu chotara H611, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka nchi ya Ecuador. Mbegu za namna hiyo ziliongeza sana mavuno. Mwaka huo huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, Edwin Mertz, Oliver Nelson na mwenzao, walitangaza kwamba wamepata mahindi yenye laisini nyingi kuliko kawaida. Lakini punje zake zilikuwa laini, zilipendwa na wadudu, na mavuno yake yalikuwa haba. Ilichukua miaka mingi ya kazi ya Evangelina Villegas na Surinder Vasal huko Meksiko kuifanya punje hiyo iwe ngumu na yenye kuzaa vizuri bila kupoteza wema wake. Wote wawili walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2000.

Mahindi hayo yana laisini na triptofani karibu mara mbili ya mahindi ya kawaida, ingawa wingi wa protini yote haukuzidi sana. Kwa macho hayatambulikani. Mkulima anayeyapanda ayatenge na mahindi ya kawaida, kwa kuwa chavua ya shamba la jirani hupunguza sifa yake.

Mazao mengine yasisahauliwe. Wimbi lina chokaa ya kujenga mifupa zaidi ya mara kumi kuliko mahindi. Mtama na mawele huvumilia ukame. Muhogo hushibisha wakati mahindi yameshindwa, lakini una protini kidogo sana, kwa hiyo wahitaji kitoweo cha maharagwe, samaki au maziwa zaidi kuliko mahindi yenyewe.

Maswali matano

Mtu anayetaka kujua wema wa mahindi yake na ajiulize maswali haya matano. Je, yalikomaa kabla ya kuvunwa? Je, yamekauka mpaka chumvi isishikamane na chupa, kisha yakaanikwa tena? Je, magunzi yenye ukungu yalitupwa kabla ya kupukuchua? Je, yamesagwa kiini kikiwamo, au unga wa pakiti umetiwa vitamini? Na la mwisho, je, pembeni ya ugali huo mna nini katika sahani ya mtoto?

Maswali manne ya kwanza hujibiwa shambani, ghalani na kinuni. La tano hujibiwa jikoni kila siku, nalo laweza kujibiwa kwa konzi moja ya kunde.